Mbona Maji Moto Huisha Kabla ya Zamu Yako? Hesabu ya Hita ya Nyumbani Bila Porojo

Asubuhi za Julai hapa Nairobi hazina huruma. Unatoka kwa blanketi saa kumi na moja, unaingia bafu ukiwa nusu usingizi, unafungua bomba, na maji yanayokupokea ni kama yametoka friji. Taa nyekundu ya hita inawaka. Swichi imekuwa on tangu jana. Unapiga nduru, na kutoka jikoni mtu anakuuliza, "Kwani ulidhani yatakungoja?"

Kwa keja ya siz wangu hii vita ilifika mahali pabaya. Wako watano: yeye, bwanake, watoto wawili wa shule na auntie anayewasaidia kazi za nyumba. Boila ni moja, lita 50, imening'inia ukutani juu ya mlango wa bafu. Siz huingia karibu wa mwisho, na kila asubuhi anapata maji vuguvugu yanayogeuka baridi akiwa na sabuni machoni. Akashuku auntie anaoshea vyombo maji moto. Akamkataza. Haikusaidia. Akaita fundi. Fundi akagonga tanki mara mbili, akasikiliza kama daktari, akasema elementi imechoka, akaibadilisha kwa shilingi 3,500. Kesho yake, mambo ni yaleyale. Sasa doo imeenda, na auntie amenuniwa wiki nzima kwa kosa ambalo hakufanya.

Na unajua ni nani alikuwa anaoga maji baridi kabisa kila siku bila kusema kitu? Huyo huyo auntie, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho.

Hakuna aliyeiba maji. Hita haikuwa na shida yoyote. Kilichokuwa kinaendelea ni hesabu, na ni hesabu ambayo mtoto wa gredi ya sita anaweza kuifanya kwa mgongo wa daftari.

Namba tatu tu

Maji hayapati joto kwa maombi. Yanataka kiasi fulani cha nguvu, na hakuna hita, iwe ya bei ya kutupa ama ile ya mabwanyenye, inaweza kukwepa hiyo. Mambo yanayoamua muda ni matatu: lita ngapi unapasha, unataka zipande digrii ngapi, na hita yako ina kilowati ngapi.

Shika hii moja: kilowati 1 hupandisha lita 1 ya maji kwa digrii 14 hivi kila dakika. Basi. Kila kitu kingine kinatoka hapo. Ukitaka kujua dakika, zidisha lita kwa digrii, zidisha jibu kwa 0.07, kisha gawanya kwa kilowati.

Kilowati utazipata kwa kile kibandiko cha fedha kilicho chini ama ubavuni mwa hita. Kama kimeandikwa 1500 W, hizo ni kilowati 1.5. Kama kimeandikwa 2000 W, ni 2. Usiamini boksi wala muuzaji wa Luthuli, amini kibandiko.

Sasa tuweke hesabu ya siz. Tuseme maji yanayotoka kwa tanki ya juu ya paa asubuhi ya baridi yako digrii 17, na boila imewekwa ifike 60. Hapo kuna digrii 43 za kupanda. Lita 50 mara 43 mara 0.07, gawanya kwa 1.5. Unapata dakika 100. Saa moja na dakika 40, mazee, kutoka baridi hadi moto kamili.

Sasa unaelewa yule msee anayewasha boila akienda kupiga mswaki ni wa kuhurumiwa. Dakika 10 kwa hiyo hita zinapandisha tanki nzima kwa digrii 4. Kutoka 17 hadi 21. Hiyo si maji moto, hiyo ni maji baridi yenye tabia nzuri.

Ukibadilisha saizi, muda unabadilika vilevile. Ile tanki ndogo ya lita 15 ya jikoni ikiwa na kilowati 2 inamaliza kazi kwa dakika 23 hivi. Lita 80 kwa kilowati 1.5 ni dakika 160, yaani karibu saa mbili na dakika 40. Lita 100 kwa kilowati 3 ni dakika 100, sawa kabisa na ile ya siz, kwa sababu kilowati zimeongezeka mara mbili na maji pia mara mbili. Watu wengi hununua tanki kubwa wakidhani wametatua shida, kumbe wamenunua subira ndefu. Kabla ya kuuliza "ni lita ngapi?" dukani, uliza "ni wati ngapi?"

Nusu lita kwa dakika

Swali la kweli kwa nyumba yenye watu wengi si muda wa kupasha tanki mara ya kwanza. Hiyo inafanyika usiku mkiwa mmelala. Swali ni: mtu mmoja akishaoga, tanki inarudi baada ya muda gani?

Hapa kuna njia ya mkato ambayo sijui kwa nini haibandikwi kwa kila boila. Kwa baridi ya Nairobi, hita ya kilowati 3 hurudisha lita 1 ya maji moto kila dakika. Ya kilowati 1.5 hurudisha nusu lita. Hiyo tu.

Na kuna upande mzuri: huogi maji ya digrii 60, ungeungua ngozi. Unachanganya. Maji ya 60 na ya 17 yakikutana nusu kwa nusu yanakuwa kama 38 na kitu, ambayo ndiyo ngozi ya binadamu hupenda. Kwa hivyo kila lita 2 zinazokumwagikia kichwani, moja tu imetoka kwa boila.

Turudi kwa siz na saa yake. Tanki ina lita 50, lakini usihesabu zote. Ukitoa maji moto juu, baridi inaingia chini, na baada ya muda zinaanza kuchanganyika. Tuseme lita 40 ndizo za kutegemea. Saa kumi na moja watoto wanaogeshwa kwa beseni, lita 8 za moto kila mmoja. Zimeenda 16, zimebaki 24. Dakika 20 zinapita wakivaa uniform. Hita inarudisha lita 10. Sasa ni 34. Shemeji anaingia. Shemeji ni mtu mzuri, lakini huoga akiimba, na kichwa cha shawa yao kinamwaga lita 8 kwa dakika. Nilipima kwa ndoo na simu. Dakika 8 za kuimba ni lita 64, karibu nusu yake moto. Zimeenda 32 ama 33. Tanki imebaki na lita 1.

Siz anaingia dakika 10 baadaye. Hita imerudisha lita 5. Ana lita 6 za moto, yaani lita 12 zikichanganywa. Kwa ile shawa hiyo ni dakika moja na nusu. Baada ya hapo, friji. Auntie akifika zamu yake, hakuna hesabu ya kufanya.

Nilimwandikia siz hizi namba nyuma ya risiti ya supermarket. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo ni huyu?" akielekeza kidole sebuleni. Nikamwambia sikusema hivyo. Lakini ndiyo, ni huyo.

Kuzungusha kifundo hakuongezi kasi

Hii lazima isemwe kwa sauti. Kile kifundo cha themostati hakikanyagi moto kama aksileta ya matatu. Elementi ina nguvu moja tu: imewaka ama imezima. Ukikiweka 75 badala ya 60, maji yatafika 60 kwa muda uleule, kisha yaendelee kupanda. Umebadilisha mahali pa kusimama tu.

Faida ipo, lakini ni nyingine. Maji ya 75 unayachanganya na baridi nyingi zaidi, kwa hivyo tanki ileile inaogesha watu zaidi. Ubaya ni kwamba mtoto akifungua bomba ya moto peke yake anaweza kuungua vibaya kwa sekunde chache, na tanki yenye moto zaidi hupoteza joto haraka. Kama kuna watoto wadogo, mimi ningebaki 60. Kushuka sana pia si poa: maji yanayokaa vuguvugu ndani ya tanki siku baada ya siku ni makao ya bakteria, wakiwemo wale wa lejionela wanaoleta homa ya mapafu. 60 huwaua.

Je, uzime ama uache? Boila ndogo yenye koti nzuri la ndani hupoteza karibu yuniti moja kwa siku hata kama hakuna anayeoga. Kama mnaoga asubuhi pekee, taima ya soketi inayowasha saa nane usiku itawaokolea hiyo kidogo. Lakini usizime kisha uwashe nusu saa kabla ya kuoga ukidhani umeshinda tokeni. Dakika 30 kwa hita ya siz inafikisha tanki digrii 30. Umelipa stima na bado unatetemeka.

Kuhusu pesa, kupasha lita 50 kutoka 17 hadi 60 ni yuniti 2.5. Ukiweka yuniti moja kwa shilingi 30 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni bob 75 kwa tanki. Tanki moja kila siku ni yuniti 75 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamewekwa kwa mafungu matatu: hadi yuniti 30, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kwa hivyo boila peke yake, bila hata taa moja, imekutoa fungu la kwanza. Ongeza friji na TV, la pili nalo linaanza kukuaga.

Shawa ya instanti: haiishi, lakini ina kipimo

Wengi wetu hatuna boila. Tuna ile shawa nyeupe ya plastiki yenye elementi kichwani, ambayo kila bedsitter kutoka Roysambu hadi Kahawa inayo. Hii haina tanki, kwa hivyo hakuna kungoja irudi. Mtu wa kumi anapata sawa na wa kwanza. Lakini inabanwa na kanuni ileile, na ndiyo maana inawachanganya watu.

Shawa ya kawaida ni kilowati 5.5. Ukizidisha kwa 14, una digrii 78 hivi za kugawia lita zako kila dakika. Ukitaka kupanda kutoka 17 hadi 39, ni digrii 22, kwa hivyo inakupa lita 3 na nusu kwa dakika. Ukifungua bomba zaidi, ipite lita 5, maji yatapanda digrii 16 pekee na utaoga ya 33. Ndiyo maana mathe yako alikufundisha kufunga bomba kidogo ili maji yawe moto. Hakuwa na digrii ya fizikia lakini alikuwa sawa kabisa.

Peleka shawa hiyohiyo Mombasa, ambapo maji ya tanki yanaweza kuwa 27 bila kuguswa, itakupa zaidi ya lita 6 kwa dakika za 39. Ipeleke Kinangop maji yakiwa 12, inashuka chini ya lita 3. Binamu yako wa Mombasa anayekuambia shawa yake ni noma hajanunua bora kuliko wewe. Ana bahari tu.

Lakini pia usifunge bomba mpaka mwisho. Ndani ya ile shawa kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na presha ya maji ndipo stima iingie. Presha ikiwa ndogo, kiwambo hakisukumwi na shawa haiwaki. Wewe wa ghorofa ya juu, ambaye tanki iko mita moja tu juu ya kichwa chako, shida yako ni hiyo. Pampu ndogo ya presha itakusaidia. Shawa mpya haitakusaidia.

Saa moja jioni, stima inapochoka

Kuna jambo ambalo wapangaji hulalamikia kila siku na landilodi hukataa: "Asubuhi sana shawa ni fiti, jioni ni vuguvugu." Si ndoto. Stima yetu inatakiwa kuwa volti 240. Jioni watu wote wa ploti wakiwa wamewasha birika, pasi na shawa kwa laini moja nyembamba, volti zinashuka. Na nguvu ya hita haishuki kidogo kidogo sawa na volti; inashuka mara mbili ya hivyo kwa ukali.

Volti zikitoka 240 hadi 200, ambayo ni kupungua kwa sehemu moja tu ya sita, shawa ya kilowati 5.5 inabaki na 3.8. Umepoteza karibu theluthi. Zile lita 3 na nusu za digrii 39 zimekuwa lita 2 na nusu, ama uendelee na zilezile zikiwa baridi. Boila nayo ni hivyohivyo: dakika 100 zinakuwa 144. Kabla hujamlipa fundi jioni, jaribu saa tano usiku. Kama shawa imefufuka, shida haiko bafuni kwako.

Pima mwenyewe kabla ya kuita fundi

Siz angeokoa 3,500 kwa nusu saa na mita ya tokeni. Inafanyika hivi. Subiri maji ya boila yawe yametumika, ili hita iwe na kazi. Zima kila kitu ndani ya nyumba, hata friji na WiFi. Andika yuniti zilizo kwa mita. Washa boila pekee, hesabu dakika 30, soma tena. Hita ya 1500 W inafaa kuwa imekula yuniti 0.75. Ya 2000 W, yuniti 1 kamili. Kama imekula hivyo, elementi ni mzima, usimruhusu mtu kuigusa. Kama haijala kitu, hapo kweli imekufa, ama waya, ama themostati imekata. Kama ilianza vizuri kisha ikaacha kula maji yakiwa bado vuguvugu, themostati ndiyo inayozingua.

Watu hupenda kusema chumvi ikishika elementi, maji yanachelewa kupata joto. Kwa hita ya stima hiyo si kweli sana. Stima inayoingia lazima itoke kama joto, na haina pengine pa kwenda ila kwa maji. Kinachofanyika ni kwamba elementi iliyovaa koti la chumvi inajipika yenyewe ndani mpaka inapasuka, na uchafu chini ya tanki unakula nafasi ya maji. Ukiwa Kitengela, Rongai ama Syokimau na unatumia maji ya borehole, fungua tanki isafishwe kila mwaka, na uangalie ile fimbo ya magnesiamu inayolinda tanki isioze. Fimbo ikiisha, tanki ndiyo inafuata.

Kwa shawa za instanti, maji ya chumvi ni hatari ya aina nyingine. Nyingi zina elementi iliyo uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi hubeba stima vizuri. Ndiyo ile hisia ya kudungwa-dungwa ukishika bomba. Madukani kuna aina mbili, ya maji ya kawaida na ya maji ya chumvi yenye elementi iliyofunikwa. Ya chumvi ni ghali kidogo. Inunue.

Koili, birika na karai

Tusijifanye kila mtu ana bafu la vigae. Nusu ya mtaa inaoga kwa karai, na maji yanapashwa na koili ama birika. Habari njema ni kwamba hapa hesabu ni tamu.

Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya digrii 40 inahitaji lita 6 za maji yaliyochemka na 14 baridi. Kwa koili ya kilowati 1, kuchemsha hizo 6 ni dakika 32. Na kama ungezamisha koili kwa ndoo nzima ya lita 20 mpaka ifike 40? Dakika 32 pia. Nguvu ni ileile. Kwa hivyo usichemshe ndoo nzima kisha uipunguze. Hapo umelipa mara tatu. Birika ya kilowati 2 inafanya hizo lita 6 kwa dakika 16, ukijaza mara nne, na iko salama mara kumi.

Kwa sababu koili, buda, imeua watu. Zima na uchomoe kwa soketi kabla ya kuingiza hata kidole. Usitumie ndoo ya chuma. Usiiache na mtoto chumbani. Usiitoe majini ikiwa imewaka, itapasuka.

Pale pa kutocheza

Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23. Plagi ya kawaida ni ya 13. Ukiona fundi amechomeka shawa kwa ekstenshoni ama waya wa soketi, mfukuze. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwa breka yake, na ethi ya kweli inayofika ardhini, si waya uliofungwa kwa bomba ya plastiki. Muulize landilodi kama kuna kile kifaa kinachokata stima ikianza kuvuja, cha miliampea 30. Ni pesa kidogo ukilinganisha na jeneza.

Hita za gesi nazo zimeingia kwa kasi, na kwa spidi hazina mpinzani. Ndogo ya kilowati 12 inapasha lita 5 ama 6 kwa dakika bila kujali volti. Ukisoma mtandaoni kwamba tanki ya lita 150 inarudi chini ya saa moja, wanaongelea hita za gesi za Marekani, ambazo moto wake ni kilowati 11 na zaidi. Usilinganishe na boila yako ya 1500 W. Lakini gesi inakula hewa, na ikikosa hewa inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu analegea akioga, anakaa chini, haamki. Hita ya gesi inawekwa nje ya bafu, nje ya nyumba kabisa ikiwezekana, na moshi wake unatolewa kwa bomba. Usiiweke bafuni hata kama dirisha "huwa wazi".

Na ile vavu inayodondosha matone chini ya boila ikiwaka? Usiizibe. Lita 50 zikitoka 17 hadi 60 zinavimba kwa karibu lita 0.8, na zinahitaji pa kutokea. Ukiziba umetengeneza bomu.

Sola ni kitu kingine. Hairudishi maji, inakungojesha kesho. Lita 200 zikiisha saa kumi na mbili asubuhi, jua ndilo litakaloamua, na kati ya Juni na Agosti jua la Nairobi hujificha siku nzima. Ukiweka sola, hakikisha ina elementi ya stima ya kusaidia, na ukumbuke hiyo elementi nayo ina kilowati zake na tanki ni kubwa: lita 200 kwa kilowati 1.5 ni zaidi ya saa 6.

Kwa siz hatukununua boila mpya. Tulibadilisha kichwa cha shawa, kikawa cha lita 5 kwa dakika, presha ileile na hakuna aliyegundua ila mimi na ndoo yangu. Mtu akioga dakika 6 sasa anatumia lita 15 za moto. Watoto 16, watu wazima watatu 45, jumla 61. Tanki ina 40, na kwa saa moja ya asubuhi hita inarudisha 30. Inatosha, na kidogo inabaki. Shemeji amehamishia nyimbo zake saa tatu usiku. Auntie aliulizwa anataka kuoga saa ngapi, akasema saa kumi na nusu, kabla watoto hawajaamka. Sasa yeye ndiye wa kwanza.